Kuitafuta Kutubu Ukingoni mwa Chalbi

Ijumaa: Nairobi hadi Isiolo

Safari hii ilipangwa na mwezi. Tulifungua kalenda, tukatafuta siku za kiza za mwisho wa Februari, mwezi umekwisha au umebaki uzi unaochomoza karibu na alfajiri, kisha ndipo tukahesabu pesa za mafuta. Ukienda kutazama nyota wakati wa mwezi mpevu, hata uwe katikati ya jangwa, utaona mwezi na jirani zake wachache. Februari pia ni kiangazi kule kaskazini. Masika hayajaingia na njia za jangwa la Chalbi bado zinapitika.

Garini tuko watatu: mimi, binamu yangu mwenye gari na kwa hiyo mwenye neno la mwisho, na rafiki yake makanika, ambaye nyota hazimhusu ila anataka kuliona Ziwa Turkana kabla hajazeeka. Mimi natafuta nyota moja tu. Kwetu Mombasa Kutubu, nyota ya kaskazini, haionekani hata upande juu ya mnara. Hesabu yake ni nyepesi: husimama juu ya upeo wa macho kwa digrii zilezile za latitudo ya mtazamaji. Muscat iko digrii 23 na ushei kaskazini, basi mtu wa Muscat anaiona karibu digrii 23 juu. Mombasa iko digrii 4 kusini, basi imezama, dunia imeifunika.

Manahodha waliopanda na kusi kwenda Uarabuni na kurudi na kaskazi waliijua hesabu hii kwa vidole. Walikuwa na kamali, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, wakipima kwacho kimo cha nyota hiyo waliyoiita Jaa, wajue wamefika wapi. Ahmad ibn Majid, nahodha Mwarabu wa karne ya 15, aliacha maandishi mengi ya elimu hiyo. Chombo kikiteremka pwani yetu Jaa huzidi kushuka hadi ipotee, na baharia huhamia kwenye Farkadani, nyota mbili za kundi la Dubu Mdogo, na nyota za kundi la Dubu Mkubwa. Mimi nafanya kinyume, tena kwa magurudumu: nataka kupanda hadi Kalacha, ukingoni mwa Chalbi, digrii 3 na kidogo kaskazini ya ikweta, nione kama inachungulia.

Nanyuki tulisimama penye kibao cha ikweta kwa sababu binamu alitaka picha. Kijana akatuonyesha beseni lenye tundu: hatua chache kaskazini maji yanazunguka huku, hatua chache kusini yanazunguka kule. Ni mkono wake unaozungusha, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni. Lakini anaigiza vizuri, tukamlipa. Jambo ambalo ikweta inalifanya kweli halina wa kulitoza: hapa nyota huchomoza wima na kutua wima, na katika mwaka mmoja unaweza kuziona karibu zote, za kaskazini na za kusini. Ulaya hawaioni Salibu, msalaba wa nyota za kusini. Australia hawaioni Kutubu. Sisi tuna mbingu nzima na tumeiwashia taa.

Isiolo usiku ni mji mchangamfu, wenye miraa, bodaboda, malori ya mifugo na mulika mwizi, ile nguzo ndefu yenye kundi la taa kileleni. Nilitoka uani nikatafuta Kilimia, kile kishada cha nyota, kipimo changu cha giza. Penye taa nyingi Kilimia ni doa tu au nyota tatu nne. Penye giza la haki unahesabu sita bila taabu, na mwenye macho makali anapita saba. Isiolo nilipata nne, na ile ya nne niliisaidia.

Nisieleweke vibaya kuhusu mulika mwizi. Mama mwenye duka jirani na gesti aliniambia kwamba kabla ya nguzo ile kuwekwa alikuwa anafunga magharibi ikiingia. Sasa anauza hadi saa nne, na binti yake anarudi kutoka kwa rafiki zake bila kusindikizwa. Hayo si mambo ya kubishiwa na mtu aliyekuja na darubini. Ninachobishia ni pembe. Taa zimekaa zikitazama mbali badala ya kutazama chini, na sehemu kubwa ya mwanga inakwenda kwenye mapaa, kwenye miti, na juu mbinguni ambako hakuna mwizi wa kumulikwa.

Jumamosi: Isiolo hadi Marsabit

Lami yote. Waliopita njia hii enzi za kukaa juu ya lori la ng'ombe, na polisi wa kusindikiza msafara, hawataamini. Archer's Post, mlima Ololokwe umesimama pembeni, Merille, Laisamis, na kufika mchana.

Marsabit ni mlima wenye msitu katikati ya nchi kavu, na usiku hujifunika ukungu. Kilimia: sifuri. Lakini ukungu ule ulinipa somo ambalo anga safi ingeficha. Ulikuwa umewaka kutoka chini, mweupe wa kusomea gazeti. Mwanga unaopanda haupotei juu. Unagonga matone, vumbi na hewa yenyewe, kisha unarudi machoni. Tena mwanga wenye bluu nyingi, ule mweupe mkali wa taa za LED za bei nafuu, hutawanyika zaidi kuliko wa manjano. Ni sababu ileile inayoifanya anga ya mchana iwe ya bluu. Kwa hiyo mji uliobadilisha taa za zamani za manjano kwa nyeupe kali unaweza kuokoa umeme na papo hapo ukazifuta nyota nyingi zaidi.

Tulikula nyama ya mbuzi tukalala.

Jumapili: Marsabit hadi Kalacha

Lami tuliiacha Bubisa. Maikona, mawe meusi ya volkeno, halafu ardhi inalala bapa na kuwa nyeupe. Chalbi ilikuwa ziwa zamani, na chumvi imebaki juu ya udongo kama ukoko wa wali. Mbele unaona maji, unayaendea, yanasogea. Pancha ilitupata saa nane mchana, na makanika akapata nafasi ya kutukumbusha ni nani kati yetu ana kazi ya maana.

Kalacha kuna chemchemi, mikoma, ngamia wasiohesabika, na Wagabra waliozoea wageni kiasi cha kutowashangaa. Kambi tuliyofikia ni vibanda vichache na ua wa miiba. Mwenyeji alituonyesha pa kuegesha, akauliza tumekuja kwa kazi gani, nikamwambia kutazama nyota. Akatazama juu, akanitazama mimi, akauliza kama tutahitaji chai.

Jua lilitua kabla ya saa moja. Kanuni ya kwanza niliitangaza mapema: hakuna simu, hakuna taa ya gari, tochi ni moja tu niliyoifunika karatasi nyekundu, kwa sababu jicho linahitaji kama nusu saa kuzoea giza na sekunde moja tu kulisahau. Makanika aliwasha taa za gari kutafuta kijiko. Tukaanza upya.

Saa mbili na kitu magharibi ilikuwa imeisha, ila upande wa machweo palibaki mwanga hafifu uliosimama kama pia iliyopinduliwa, pana chini, ukichongoka hadi karibu na Kilimia. Binamu alidhani ni mji. Hakuna mji upande ule. Ni vumbi lililotapakaa katika bapa ambamo sayari hulizunguka jua, kati ya jua na sayari za mbali, likimulikwa na jua lenyewe lililokwishazama. Wanafalaki huiita nuru ya zodiaki. Kukaa karibu na ikweta kunasaidia, kwa kuwa bapa lile kwetu husimama karibu wima.

Kisha zilijaa. Sijui namna nyingine ya kusema. Jabari, kundi la nyota angavu, alikuwa juu ya vichwa vyetu na Shira kando yake, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Kusini kabisa Suheli, ya pili kwa kung'aa, na chini yake doa la weupe ambalo makanika aliliita wingu, na jina lake hasa ni hilo: Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu. Lipo umbali wa miakanuru kama 160,000. Nilimwambia mwanga anaouona ulianza safari kabla hajazaliwa mtu yeyote anayemfahamu kwa jina. Akasema basi umechelewa, akaomba darubini.

Kilimia: nane kwa macho yangu, tisa kwa binamu, ambaye hajawahi kushindwa shindano lolote.

Kusini mashariki, chini kabisa, palikuwa na utando mdogo wa weupe. Huo ndio ulikuwa mji: Marsabit, umbali wa saa kadhaa kwa gari.

Niliwaamsha saa saba usiku. Dubu Mkubwa alikuwa amepanda kaskazini, amepinduka miguu juu, na zile nyota zake mbili za kuelekezea zilikuwa zinateremka moja kwa moja kwenye upeo. Ukigeuka kusini, Salibu imesimama karibu wima. Dubu upande mmoja, Salibu upande wa pili, bila kuhama uliposimama. Nilifuata mstari chini, chini zaidi, hadi penye vumbi la jangwa. Kwa macho matupu, hakuna kitu. Digrii tatu juu ya upeo ni kama vidole viwili vya mkono ulionyooshwa, na hewa ya pale chini ni nene, nyota inapoteza nguvu nyingi kabla ya kulifikia jicho. Nikaegemeza viwiko juu ya boneti, nikaweka darubini, nikasubiri upepo ushuke.

Ilikuwepo. Nukta moja, ya rangi ya kutu kwa sababu ya vumbi, inatetemeka, haitoki mahali pake. Nyingine zote zilizoizunguka zilisogea kwa muda niliokaa pale; hii haikusogea. Binamu alitazama akasema, "Ndiyo hiyo tu?" Ndiyo hiyo tu. Ukiionyesha kwa mtu aliyezoea kuiona Ulaya atacheka. Lakini kilomita 350 hivi kusini ya hapa haipo kabisa, na nahodha aliyetoka kwetu akaiona ikiibuka hivi alijua ameivuka ikweta.

Jumatatu: Kalacha

Binamu aliamka kuswali alfajiri akaniita. Mashariki palikuwa na mwanga uliosimama wima, akaniuliza kama wakati umeingia. Haukuwa umeingia. Hiyo ndiyo alfajiri kadhibu tunayosoma vitabuni tangu madrasa, ile inayosimama wima kisha inafifia, kabla ya alfajiri sadiki inayotanda upeo mzima kwa upana. Ni nuru ileile ya zodiaki, ya upande wa mapambazuko. Sote wawili tumelelewa Mombasa, tumefunga Ramadhani zetu kwa kufuata karatasi ya nyakati na sauti ya msikiti, na hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Kusini mashariki Njia Nyeupe ilikuwa imesimama upande wa Akarabu na Mshale, sehemu yake nene kuliko zote, kitovu cha galaksi.

Mchana tulikaa kivulini na mzee mmoja Mborana aliyeoa hapa Kalacha. Nilimwamkia shikamoo, akaipokea kwa kucheka, ni lugha ya pwani hiyo. Nilimuuliza Kilimia wanakiitaje. Busan. Na Shira? Basa. Kalenda ya Waborana hufuata nyota saba za namna hiyo pamoja na mwezi, na profesa Asmarom Legesse aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1973. Miezi sita, mwezi mchanga hutazamwa ukiwa sambamba na nyota zao kwa zamu. Miezi sita mingine hutazamwa mwezi umefikia umbo gani unapokuwa sambamba na ya kwanza tu kati ya nyota hizo saba. Mwaka ni siku 354, na siku zenyewe zina majina 27 yanayozunguka bila juma.

"Wewe mzee ni ayantu?" nikamuuliza. Ayantu ndio wajuzi wa hesabu hiyo.

"Hapana. Ayantu ni wachache. Mimi najua za kuniwezesha kutofika kisimani siku mbaya." Akanigeuzia swali. "Na nyinyi huko, mnajuaje mwezi umeandama?"

Nikamwambia tunamsubiri Kadhi Mkuu atangaze.

"Na yeye anatazama wapi?"

Kwetu nasi kuna msemo wa kilimo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilimtafsiria, akauliza maswali mengi kuliko niliyoweza kuyajibu.

Jioni ndipo lilipotokea jambo ninalolikumbuka kuliko Kutubu. Mwenyeji wetu ana taa ya sola mlangoni, nyeupe, kali, aliyoitundika kwa ajili ya fisi na ya ngamia wake wagonjwa walio uani. Inapiga usoni ukiikaribia na nyuma yake huoni kitu. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia azime. Makanika ndiye aliyeamua. Alichukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akaukata ubavuni kwa mkasi wa bati, akaukunja mdomo ukingo usikate mtu, akatoboa matundu mawili na kuufunga kwa waya juu ya taa, ukaifunika kama kofia. Ilimchukua muda mfupi kuliko pancha ya jana.

Mwenyeji akatembea hadi ua wa ngamia. Ardhi ilikuwa inang'aa zaidi, kwa sababu mwanga uliokuwa unakwenda juu na pembeni sasa ulikuwa unagonga bati na kushuka. Akaenda mbali zaidi, gizani, akageuka. "Sasa naona nani anakuja," akasema. Awali taa ilikuwa inamwonyesha yeye kwa fisi, si fisi kwake. Akamwomba makanika amtengenezee mwingine wa nyuma ya jiko.

Kulinda anga si kazi ngumu. Taa iwake panapohitajika, itazame chini, isiwe kali kupita haja, izimike au ipunguzwe watu wakilala, na rangi yake iwe ya joto, yaani ya kuelekea manjano, kelvini 3,000 au chini ya hapo. Namibia hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa kimataifa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya anga ya giza, ya kwanza Afrika, na watalii hulipa kwenda kuona giza lenyewe. Chalbi giza lipo bila cheti. Linalokosekana ni mtu wa kulihesabu kama mali wakati tenda ya taa inaandikwa.

Jumanne: Kalacha hadi Loiyangalani

North Horr, Gas, mawe, mawe tena, halafu ziwa linatokea ghafla chini yako, rangi ya jani. Makanika alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu Nairobi.

Loiyangalani upepo hushuka kutoka mlima Kulal usiku kucha. Darubini haikushikika, na mchanga uliingia hadi kwenye meno. Nyota zilikuwepo, zikimetameta kupita kiasi. Kilimia sita, kisha tukakata tamaa. Hapa mahali pana historia yake na mbingu: tarehe 30 Juni 1973 kivuli cha kupatwa kwa jua kilipita juu ya ziwa hili, na wanasayansi walisafirisha mitambo yao hadi hapa Loiyangalani kukisubiri. Ng'ambo ya ziwa, karibu na Kalokol, zipo nguzo 19 za mawe ya basalti ambazo watafiti Lynch na Robbins walidai mwaka 1978 kuwa zimepangwa kuelekea nyota zilezile saba za Waborana. Wengine walipima upya wakapinga vipimo hivyo. Waturkana wana maelezo yao, kwamba ni wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Kwa usiku wa upepo ule niliwaelewa wachezaji ngoma.

Jumatano: kurudi

Tulipanda kupitia Sarima, kwenye mitambo 365 ya umeme wa upepo, tukaishika barabara iliyotengenezwa kwa ajili yake hadi Laisamis. Upepo ulionifungia darubini ndio unaowasha taa za Nairobi. Binamu aliliona hilo ni jambo la kuchekesha sana na amelisimulia tangu hapo kila tulipokunywa chai.

Utafiti wa mwaka 2016 uliochora ramani ya mwanga wa usiku duniani ulikuta kwamba theluthi moja ya binadamu hawawezi tena kuiona Njia Nyeupe wanapoishi. Ukiifungua ramani hiyo, kaskazini ya Kenya karibu yote ni nyeusi. Miji yake inakua, na inastahili taa. Laisamis tulipita jioni fundi yuko juu ya ngazi anafunga taa mpya ukutani mwa duka, inatazama upeo wa macho. Makanika alishusha kioo akampigia kelele aiinamishe. Fundi akauliza kwa nini. "Utaona mlango wako vizuri," akajibu, bila kutaja nyota hata moja, na fundi akaiinamisha.

Safari ijayo ni Julai, upande wa Lodwar, tuzione nguzo za Kalokol wakati Njia Nyeupe inapita juu ya kichwa karibu na saa sita usiku. Makanika ameshasema anakuja, na anataka tubebe mkasi wa bati na mikebe mitupu. Binamu ameshakubali gari, kwa sharti kwamba hesabu yake ya tisa ndiyo iandikwe.